Vijenzi vya kuchomeka vyarefusha maisha ya programu za kisayansi

KOMPYUTA kubwa za utafiti hugharimu mamilioni ya dola, lakini maisha yake ni mafupi. Roadrunner, iliyokuwa katika maabara ya taifa ya Los Alamos nchini Marekani, ilikuwa ya kwanza duniani kuvuka kiwango cha hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde mwaka 2008. Mwaka 2013 ilizimwa.

Programu zinazoendeshwa katika mitambo ya aina hiyo huishi muda mrefu zaidi. Programu ya kutabiri hali ya hewa huweza kuboreshwa kwa miongo kadhaa, na kuiandika upya kila mtambo unapobadilishwa ni kupoteza jasho la watu wengi.

Ugumu unatokana na jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi. Huunganisha maelfu ya prosesa zinazopiga hesabu kwa wakati mmoja, utaratibu uitwao uchakataji sambamba. Katika utabiri wa hali ya hewa, ramani hugawanywa vipande, na kila prosesa hupewa chake. Kwa kuwa upepo na mvua havijui mipaka, prosesa zenye vipande vinavyopakana hulazimika kupashana habari kila mara.

Mwaka 1994 wataalamu walitoa kanuni za pamoja za mawasiliano hayo, zijulikanazo kwa kifupi kama MPI. Kanuni hizo zinaeleza amri atakazotumia mwandishi wa programu, lakini haziamui ujumbe upite njia gani. Prosesa zilizo ndani ya boksi moja huweza kutumia kumbukumbu ya pamoja. Zilizo mbalimbali hutumia mtandao wa kawaida au ule wa kasi kama InfiniBand.

Hapo ndipo vijenzi vya kuchomeka vinapoingia. Mradi wa Open MPI, ulioelezwa hadharani mwaka 2004, ulikusanya uzoefu wa maabara ya Los Alamos, Chuo Kikuu cha Indiana na Chuo Kikuu cha Tennessee, ambavyo awali kila kimoja kilikuwa na toleo lake la MPI. Waasisi wake waliamua kuwa kila njia ya mawasiliano iwe kijenzi kinachojitegemea.

Mfano wake ni balbu na soketi. Balbu ikiungua, mwenye nyumba hubadilisha balbu. Havunji ukuta ili kutandaza nyaya upya.

Kazi inapoanza, Open MPI hutafuta vijenzi vilivyopo na kupima kipi kinafaa kwa mtambo husika. Visivyofaa huwekwa kando, na vinavyofaa huweza kutumika kwa pamoja: kimoja ndani ya boksi, kingine kati ya maboksi. Programu ya mwanasayansi haiguswi.

Manufaa yake yameonekana. Roadrunner ilitumia Open MPI juu ya InfiniBand. K, kompyuta ya Japani iliyoongoza duniani mwaka 2011, ilikuwa na mtandao tofauti kabisa uitwao Tofu, lakini kampuni ya Fujitsu ilijenga MPI yake juu ya msingi huohuo wa Open MPI.

Hata hivyo, mfumo huo una hatari yake. Kijenzi cha mtandao wa kasi kikishindwa kupakiwa, Open MPI huweza kutumia mtandao wa kawaida badala yake. Kazi huendelea na majibu huwa sahihi, lakini mwendo huwa wa kinyonga, na mtumiaji asiyekagua huweza kudhani kuwa programu yake ndiyo mbovu.

Kwa sababu hiyo, mtumiaji anaweza kutaja mwenyewe vijenzi anavyotaka. Njia hiyo isipopatikana, kazi hukataa kuanza na kosa hujulikana mapema, kabla saa za mtambo wa mamilioni hazijapotea bure.