Namba ya Kusubu na Namba ya Kugonga: Istilahi za Utambuzi wa Injini

Katika ofisi na katika gereji, fungu moja la maneno, yaani "namba ya injini", limekuwa likibebeshwa maana mbili zilizo mbalimbali. Katika makala haya tunakusudia kuzitenganisha maana hizo, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa watafsiri, walimu wa ufundi na watumishi wa serikali.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Katika nchi hii ya pamba, gari hutumika hadi chuma kichoke. Mtu aweza kununua Land Cruiser ya zamani ambayo injini yake imekwisha kubadilishwa mara moja au mbili. Siku ya kuhamisha umiliki, karani huuliza namba ya injini ili ailinganishe na ile iliyoandikwa katika kadi ya gari. Fundi huchungulia, akaona tarakimu kubwa ubavuni, akazisoma. Namba hazilingani, na mwenye gari hana budi kujieleza kama mtu aliyenunua injini ya wizi. Huenda injini ikawa ndiyo ile ile iliyoandikwa katika kadi, ila zilizosomwa ni tarakimu zisizohusika.

1. Kufua, kusubu na kugonga

Kitenzi kusubu kimo katika kamusi zetu tangu zamani, ingawa hakisikiki sana. Wahunzi Warongo wa upande wa Geita, ambao majembe yao yalifika Usukumani kwa njia ya biashara, waliyeyusha mawe yenye chuma, kisha wakakifua chuma kwa nyundo. Kufua ni kuunda kwa kupiga. Kusubu ni kuunda kwa kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu. Mwili wa injini, ambao mafundi huuita bloku, husubiwa.

Kalibu ya mchanga hupata umbo lake kutokana na kielelezo. Tarakimu zilizomo katika kielelezo huacha alama katika mchanga, na chuma kikiisha kupoa hutokea juu ya bloku zikiwa zimeinuka. Hiyo ndiyo namba ya kusubu. Kwa kuwa kielelezo kimoja hutoa bloku nyingi, namba hiyo hueleza aina ya bloku, wala haielezi injini moja peke yake.

Baadaye bloku huchongwa kwa mashine na injini kuunganishwa. Hapo ndipo tarakimu nyingine hupigwa kwa mhuri wa chuma mahali palipolainishwa. Hizi hudidimia. Hiyo ndiyo namba ya kugonga, na ndiyo inayostahili kuitwa namba ya injini.

Mwalimu wa ufundi aweza kuwafundisha wanafunzi wake kanuni hii nyepesi: pitisha kidole, iliyoinuka ni ya aina, iliyodidimia ni ya injini hiyo.

2. Jinsi namba zinavyosomwa

Ubora wa kutenganisha huku huonekana wazi katika magari ya Chevrolet ya Marekani, ambayo watunzaji wa magari ya kale huyachunguza sana. Namba ya kusubu 3970010 ilitumika mwaka 1969 kwa injini za ukubwa wa inchi za ujazo 302, 327 na 350, na kwa injini ya 350 iliendelea kutumika katika miaka ya 1970. Basi anayeitegemea namba hiyo peke yake hawezi kujua ukubwa wa injini aliyo nayo.

Karibu na namba hiyo husubiwa tarehe: herufi kwa mwezi, tarakimu kwa siku, na tarakimu moja kwa mwaka. "C 14 9" ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 9. Je, ni 1969 au 1979? Tarehe yenyewe haijibu. Jawabu hutafutwa katika namba ya kugonga iliyo mbele ya bloku, ambayo hutaja kiwanda, siku ya kuunganishwa na aina ya injini. Aidha, tarehe ya kusubu haina budi kutangulia ile ya kuunganisha injini, nayo itangulie ile ya kuunganisha gari. Mfuatano huo ukivunjika, injini hiyo siyo iliyotoka kiwandani na gari hilo.

Toyota hugonga kwanza jina la aina, kisha namba ya mfululizo. Katika "1HZ", jina la injini ya dizeli ya silinda sita iliyoanza kutolewa mwaka 1990, tarakimu ya kwanza ni kizazi, na herufi inayofuata ni ukoo wa injini. Kwa hiyo karani akiandika "1HZ" tu ameandika aina. Bado hajaandika namba.

3. Neno "orijino"

Gerejini "orijino" hutajwa kwa mambo matatu: injini iliyotoka kiwandani pamoja na gari hilo, injini nyingine ya aina ile ile, na injini iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, isiyo ya kuigiza. Katika mkataba wa mauzo maana hizo hutofautiana kwa bei na kwa haki. Mnunuzi aliyeahidiwa ya kwanza akapewa ya pili hatakuwa na pa kushika iwapo mtafsiri ameandika "injini ya asili" kwa zote.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Namba ya kusubu: tarakimu zilizoinuka, zitokanazo na kalibu.
Tarehe ya kusubu: siku bloku ilipomiminwa.
Namba ya injini: tarakimu zilizogongwa, za injini moja tu.
Aina ya injini: jina la kiwanda kwa injini zote zinazofanana.
Injini ya awali: iliyofungwa kiwandani katika gari husika.
Injini ya aina moja: inayofanana na ya awali lakini siyo hiyo.
Injini halisi: iliyotengenezwa na kampuni inayotajwa.

Tunawaomba wanaotayarisha fomu waweke nafasi mbili, moja ya aina ya injini na nyingine ya namba ya injini, na waongeze maneno "iliyogongwa" mbele ya hii ya pili. Neno hilo moja lingemtosha fundi wa Bariadi kujua mahali pa kutazama, na lingemwondolea mwenye gari shutuma asiyostahili.