Usimwite Sina: majina ya wanafalsafa wa Kiislamu katika Kiingereza

Ukisoma tasnifu za Kiingereza za wanafunzi wetu wa falsafa, historia au dini, hutakawia kukutana na mtu aitwaye Sina. "Sina argues", wanaandika, Sina anadai. Kwenye orodha ya marejeo yumo chini ya herufi S, na Ibn imefupishwa ikawa I, kana kwamba ndilo jina lake la kwanza. Mtu anayekusudiwa ni Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mnamo mwaka 980 hivi, akafariki Hamadan mwaka 1037. Sina ni mtu mwingine kabisa.

Lisome jina lake lote: Abu Ali al-Husayn ibn Abd Allah ibn al-Hasan ibn Ali ibn Sina. Jina lake hasa ni al-Husayn. Abu Ali ni kunya, jina la heshima. Baba yake ni Abd Allah, babu yake al-Hasan, na Sina tunampata kizazi cha nne kwenda juu. Hapa sisi wa pwani tuko katika hatari ya kupotea upesi kuliko wengine, maana kwetu jina linalofuata bin ni la baba mzazi: Said bin Khalfan ni mtoto wa Khalfan, hakuna zaidi. Katika Ibn Sina maneno hayo mawili yameshakuwa jina moja, jina ambalo mwenyewe alijulikana nalo, na halikatwi. Kwa Kiingereza, Ibn hiyo huandikwa kwa herufi kubwa, na mtu humtafuta kwenye herufi I. Ibn Rushd, Ibn Tufayl na Ibn Khaldun ni vivyo hivyo. Ni ile ibn iliyo katikati ya mlolongo wa nasaba tu inayoandikwa kwa herufi ndogo, au kufupishwa kuwa b.

Mara nyingi kosa hili hufanywa na programu ya marejeo, ambayo hulichukua neno la mwisho ikalifanya jina la ukoo. Katika Zotero unaweza kuchagua nafasi moja badala ya mbili, ukaandika Ibn Sina yote humo. Ni kazi ya sekunde chache.

Majina yenye al- yana kanuni tofauti. Al-Ghazali, al-Farabi na al-Kindi huandikwa kwa a ndogo na kistari katikati ya sentensi. A huwa kubwa sentensi inapoanza. Kwenye orodha ya alfabeti, al- haihesabiwi: al-Ghazali anakaa kwenye G. Waandishi wengi wa Kiingereza humwita Ghazali tu, na hilo halina ubaya. Kuondoa al- ni jambo la mtindo. Kuondoa Ibn ni kumtaja mtu mwingine.

Majina mengi ya namna hii ni nisba, hutaja mji au kabila, na nisba moja hubebwa na watu wengi. Mfano ninaoupenda ni al-Razi, mtu wa Rayy, mji wa kale ulio kando ya Tehran ya leo. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa karne ya 9 na ya 10, aliiamini sana akili ya binadamu, na wapinzani wake walimshutumu kwa kuukana utume. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alikuwa mwanateolojia wa Kiash'ari aliyeandika tafsiri kubwa ya Kurani. Mwanafunzi akiandika "al-Razi" peke yake, anaweza kumbebesha mfasiri wa Kurani maneno ambayo angeyapinga kwa nguvu zake zote. Andika jina refu mara ya kwanza, na kila mara wote wawili wanapokutana katika sura moja.

Je, Avicenna na Averroes? Ni majina ya Kilatini ya Ibn Sina na Ibn Rushd, yaliyozaliwa vitabu vyao vilipotafsiriwa kwa Kilatini. Si matusi, na yana kazi yake. Anayeeleza jinsi Thomas Aquinas alivyobishana na Averroes anazungumzia Averroes wa vitabu vya Kilatini, na jina hilo linafaa. Aidha, babu yake Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyefariki mwaka 1126, mwaka uleule aliozaliwa mjukuu, naye ni Ibn Rushd mashuhuri katika fikihi ya Kimaliki. Hapo jina la Kilatini huwatenganisha vizuri. Lakini kwa anayesoma maandishi yao ya Kiarabu na mazingira yao, kwangu mimi jina la Kiarabu ndilo linalostahili kutangulia: Ibn Rushd, kisha Averroes kwenye mabano mara moja tu.

Katika marejeo, fuata jalada la kitabu. Tafsiri ya Michael Marmura ya metafizikia ya Ibn Sina, iliyotoka mwaka 2005, imechapishwa kwa jina la Avicenna, na ndivyo msomaji atakavyoipata maktabani. Ghazali naye huandikwa pengine kwa z mbili, Ghazzali. Chagua tahajia moja uishike hadi ukurasa wa mwisho, lakini unapotafuta vitabu vyake jaribu zote mbili, pamoja na Algazel, jina lake la Kilatini, ili usikose kitabu kilichomo rafuni.