Kukaza Mapigo: Tatizo la Istilahi ya Mwendo wa Kompyuta

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari katika kata ya Ndama, Wilaya ya Karagwe, alituandikia barua ya malalamiko, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Shule yake ilikuwa imenunua kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, na pamoja nazo ilipewa mwongozo wa ukaguzi uliofasiriwa kwa Kiswahili. Kifungu cha saba cha mwongozo huo kilisema: "Hakikisha kwamba saa ya kompyuta imerudishwa katika hali ya kiwandani." Mwalimu alitazama pembe ya kioo cha kompyuta, akaona ni saa nne na robo, akailinganisha na saa yake ya mkononi, akaona zinapatana, akatia alama ya vyema. Baada ya majuma matatu kompyuta moja ilianza kuganda mara kwa mara. Kisha faili lenye alama za wanafunzi za muhula mzima likakataa kufunguka. Mwalimu alikesha siku tatu akiziandika alama hizo upya kutoka katika daftari.

Aliyekifasiri kifungu hicho ni mwandishi wa makala haya. Katika asili yake, kifungu kilikuwa kinazungumzia jambo jingine kabisa, yaani ile desturi ya vijana wapendao michezo ya kompyuta ya kuilazimisha mashine kwenda kasi kuliko alivyoipangia mtengenezaji. Kiingereza kimeipa desturi hiyo jina kwa kuunganisha neno lenye maana ya kupita kiasi na neno lenye maana ya saa. Mimi niliona "saa", nikaandika "saa". Huu ndio ugonjwa wetu wa kale wa kufasiri neno badala ya kufasiri dhana, na tangu Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974 tumekuwa tukiwaonya wengine juu yake. Safari hii mgonjwa alikuwa tabibu mwenyewe.

Nilifunga safari hadi Ndama, kwanza kumwomba radhi Mwalimu, na pili kusikiliza mafundi wanasemaje. Istilahi haiundwi vizuri na mtu asiyekijua kitu chenyewe; kwa hiyo namwomba msomaji avumilie maelezo ya ufundi kabla hatujaingia katika lugha.

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi ambacho, kikipitishiwa umeme, hutetemeka kwa mwendo usiobadilika. Mtetemo huo ndio unaoiongoza mashine nzima, kama ngoma iwaongozavyo wacheza ngoma: kila pigo likilia, kichakataji hupiga hatua moja ya kazi. Aghalabu pigo la msingi huwa milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100, na kichakataji hulizidisha kwa namba fulani iliyopangwa. Kizidishi kikiwa 36, mapigo huwa milioni 3,600 kwa sekunde, yaani gigahezi 3.6. Kijana wa michezo akikipandisha kizidishi hadi 42, mapigo yanakuwa gigahezi 4.2. Katika muda wa pigo moja la namna hiyo mwanga wenyewe husafiri sentimita 7 tu. Ni muda mfupi mno, na katika muda huo maelfu kwa maelfu ya transista hazina budi kumaliza kugeuka hali kabla pigo jingine halijalia. Isiyowahi huacha kosa. Pengine kosa hilo huigandisha mashine, na hapo mwenyewe hushtuka. Pengine hupita kimya na kuandikwa ndani ya faili, kama ilivyokuwa kwa alama za wanafunzi wa Ndama.

Ili transista ziwahi, wajuzi huongeza volti. Hapo ndipo gharama inapoingia. Nguvu inayoliwa na kichakataji huongezeka sawasawa na mapigo, lakini kwa volti huongezeka kwa mraba wake. Tuchukue mfano wetu: mapigo yamepanda kwa asilimia 17 hivi, tuseme volti nazo zimetolewa 1.20 zikafikishwa 1.35. Ukizidisha, utaona kwamba nguvu, na kwa hiyo joto, vimeongezeka kwa karibu asilimia 48, bila kuhesabu umeme unaovuja. Mtu amepata kasi ya asilimia 17 kwa kulipa joto la asilimia 48. Ndiyo maana wafanyao kazi hii hutumia muda mwingi zaidi katika feni, mabamba ya kupoozea na mabomba ya maji kuliko katika kasi yenyewe, na ndiyo maana wanaotafuta sifa tu hukimwagia kichakataji naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa heliamu ya majimaji, iliyo baridi zaidi, gigahezi 9 zimepitwa tangu mwaka 2022. Lakini mashine ya namna hiyo haichezewi mchezo wala haiandikiwi barua.

Karagwe ina neema yake katika jambo hili. Hewa ya nyanda zile, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ina ubaridi ambao Dar es Salaam haiujui. Hata hivyo fundi mmoja alinikumbusha kwamba hewa ya mwinuko ni nyepesi zaidi, hivyo feni ile ile hubeba joto pungufu kidogo. Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo.

Desturi hii si ngeni. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikwenda kwa megahezi 4.77, na punde wakatokea watu waliong'oa fuwele yake na kupachika iliyo kasi zaidi. Mfano unaokumbukwa kuliko yote ni wa mwaka 1998, wa kichakataji cha Intel kiitwacho Celeron 300A. Kizidishi chake kilikuwa 4.5, na pigo lake la msingi megahezi 66. Watu waliligeuza pigo la msingi kuwa 100, na kitu cha bei rahisi kilichouzwa kama cha megahezi 300 kikaenda kwa 450 bila manung'uniko. Wakati huo huo walikuwapo wafanyabiashara waliofuta maandishi juu ya vichakataji vya bei ndogo, wakaandika kasi kubwa zaidi, wakaviuza kwa bei kubwa. Huo ulikuwa udanganyifu mtupu, nao ni sababu mojawapo iliyotajwa kwa watengenezaji kuvifunga vizidishi visibadilishwe. Siku hizi Intel huviacha wazi vichache tu, hasa vyenye herufi K mwishoni mwa jina. Afisa ununuzi anayeandaa zabuni afadhali alijue hili kuliko kulijua jina la kiwanda.

Sasa tuingie katika maneno.

"Kuzidisha saa", tafsiri ambayo wafasiri kadhaa wameniletea kwa nia njema, haifai hata kidogo. Mswahili yeyote akiambiwa ni marufuku kuzidisha saa za kompyuta ataelewa kwamba anakatazwa kuitumia baada ya muda uliopangwa. Neno "saa" kwetu ni chombo na ni kipimo cha wakati. Halijapata kuwa mdundo. Lina kazi mbili tayari, na haifai kulibebesha ya tatu.

Mafundi wa Ndama wenyewe husema "kupandisha". "Hii mashine ilikuwa imepandishwa, Mwalimu," ndivyo fundi alivyomwambia mwenye barua yangu alipoifungua ile iliyoganda. Neno ni zuri, ni la Kibantu, nalo linaeleweka haraka. Lakini kupandisha tayari ni neno la waganga, kwa mtu aliyeingiwa na pepo. Tena ni neno la wafugaji, kwa ng'ombe anayepelekwa kwa dume. Nilipolitaja kama pendekezo, Mwalimu alicheka, akasema: "Ndugu yangu, hapa ni Karagwe, nchi ya ng'ombe. Ukiandika kwamba kompyuta imepandishwa, watu watauliza itazaa lini." Na mahali penyewe panaitwa Ndama.

Wapo wasemao "kubusti". Hilo limekwisha chukuliwa na betri ya gari iliyokufa. Wapo vijana wasemao "kuovakloki", na mimi sina ugomvi nao barabarani. Utohozi ni njia halali, nasi tuna kompyuta, programu na intaneti kwa njia hiyo hiyo. Ila utohozi hufaa zaidi kwa majina ya vitu kuliko kwa vitenzi vya ufundi, kwa sababu kitenzi kinatakiwa kinyambulike. Hebu mwandishi wa mkataba wa dhamana ajaribu kuandika "kompyuta iliyoovaklokiwa", kisha amsomee mnunuzi.

Nilitoka Ndama na neno jingine, na nilichelewa kulitambua kwa kuwa halikutoka katika karakana. Jioni moja nilimkuta mzee akitayarisha enanga, chombo cha nyuzi cha Wahaya na Wanyambo kilichochongwa mfano wa hori. Alikuwa akiukaza uzi, akiugonga kwa kidole, akisikiliza, akiukaza tena kidogo. Mwanafunzi aliyekuwa karibu alimwuliza kwa nini asiukaze moja kwa moja hadi mwisho. Mzee alijibu kwamba uzi una mwisho wake, na kila uzi una wa kwake. Fundi wa kompyuta alikuwa ameniambia neno lile lile mchana: vichakataji viwili vya jina moja, vilivyotoka kiwanda kimoja, havivumilii sawa, kimoja hufika gigahezi 4.5 kwa raha na mwenziwe huganda kwenye 4.3. Mtu hapati njia ila kuongeza kidogo, kuijaribu mashine kwa kazi nzito saa kadhaa, kutazama joto, kisha kuongeza tena au kurudi nyuma.

Basi pendekezo langu ni "kukaza mapigo". Kiswahili kina "kukaza mwendo" tangu zamani, yaani kwenda haraka zaidi, kwa hiyo wazo la kasi limo ndani ya kitenzi bila kulazimishwa. Na wazo la kwamba kitu kilichokazwa kinaweza kukatika limo pia, jambo ambalo neno la Kiingereza halina. "Mapigo" yanatumika kwa moyo na kwa muziki, mahali pote pawili yakiwa na maana ya mrudio ulio sawa. Wengine watasema tutumie "masafa", kama ilivyo katika redio. Siafiki, kwa kuwa masafa kwa msomaji wa kawaida ni umbali, na katika sentensi inayotaja kasi atachanganyikiwa.

Sifa kubwa ya pendekezo hili ni kwamba linazaa jamaa zake. Kinyume chake ni "kulegeza mapigo". Mashine inayopata joto kupita kiasi, aghalabu karibu na nyuzi 100, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Hiyo tuiite "kujilegeza". Mafundi husema "inachemsha", kama gari, nalo ni neno halali kwa hali ya joto, lakini si kwa hatua ya kujiokoa inayofuata. Nomino itakuwa "ukazaji mapigo", na kompyuta yenyewe itakuwa "iliyokazwa mapigo". Kupunguza volti bila kugusa mapigo tukuite hivyo hivyo, "kupunguza volti", kwani lililo wazi halihitaji istilahi. Jambo hili lafaa kujulikana zaidi kuliko kukaza, hasa kwa shule zinazotumia umeme wa jua, maana vichakataji vingi huachiwa volti zaidi ya mahitaji yao, na kwa hesabu ile ile ya mraba upungufu mdogo wa volti huokoa wati nyingi.

Iko dhana ya pili inayoambatana na hii, nayo ni ile kazi ya kurekebisha kumbukumbu, feni, volti na mapigo mpaka vyote vifanye kazi pamoja bila kimoja kukilemea kingine. Mafundi husema "kuseti". Katika maandishi napendekeza "kupatanisha". Najua kwamba ni neno la baraza la wazee, na sioni ubaya wake, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya namna hiyo. Hili nalishikilia kwa mkono mmoja tu. Mwenye bora alete. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, maneno mengi ya kompyuta yalipata Kiswahili chake, lakini yalikuwa ya karani na mwandishi wa barua. Ya fundi yalibaki karakanani.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo tu. Hata hivyo, kwa kuwa mwongozo ulikuwa unaendelea kutumika, kifungu cha saba nimekiandika upya: "Hakikisha kwamba mapigo na volti za kichakataji vimerudishwa katika viwango vya kiwandani. Kompyuta iliyokazwa mapigo isitumiwe kutunza kumbukumbu za ofisi au za shule." Nilimsomea Mwalimu. Alikubali, kisha akauliza: "Na saa yenyewe je, haina neno?"

Fundi ndiye aliyemjibu. Alifungua mashine, akatuonyesha betri ndogo ya duara, ya ukubwa wa sarafu, iliyokaa juu ya ubao mkuu. Katika kompyuta nyingi za umri ule betri hiyo hutunza mambo mawili pamoja: saa na tarehe, na mipango ya mapigo. Njia rahisi ya kuirudisha mipango katika hali ya kiwandani ni kuizima mashine, kuchomoa waya wa umeme, kuing'oa betri kwa dakika chache na kuirudisha. Aliifanya kazi hiyo mbele yetu, akaiwasha. Mapigo yalikuwa yamerudi kiwandani, na pembeni mwa kioo saa na tarehe vilikuwa vimepotea kabisa. Siku ile ya ukaguzi, saa iliyopatana na ya mkononi ilikuwa imempotosha Mwalimu. Ingalionyesha uwongo, pengine angalikuwa na sababu ya kuamini kwamba kifungu cha saba kimetimizwa.