Safari ya Itifaki ya Montreal hadi kwa Fundi wa Viyoyozi

Mwananchi mwenye kiyoyozi au chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki kinachotumia gesi ya R-22 atarajie kuipata gesi hiyo kwa shida zaidi kila mwaka. Uhaba huo umepangwa, na mpango wenyewe ulianzia mbali.

Tabaka la ozoni, lililo angani kati ya kilomita 15 na 35, huchuja mionzi ya jua inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Gesi za kupoozea zenye klorini zinapovuja hupanda hadi huko na kulimong'onyoa. Mwaka 1987, mataifa yalikubaliana mjini Montreal, Kanada, kuzipunguza hatua kwa hatua.

Saini pekee haitoshi. Kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba, Bunge ndilo linaloridhia mikataba ya aina hii. Tanzania ilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1993. Baadaye, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zikatungwa kanuni. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, ingawa mbele ya mataifa nchi ni mwanachama mmoja.

Kanuni ndizo zenye meno. Itifaki inaitaka kila nchi iwe na mfumo wa vibali vya kuingiza na kutoa gesi hizi. Hivyo udhibiti mkubwa hufanyika forodhani, si majumbani. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na kundi la CFC, ikiwemo R-12 ya majokofu ya zamani, ifikapo 2010. R-22 imo katika kundi la HCFC. Kundi hilo, likilinganishwa na wastani wa mwaka 2009 na 2010, lilipaswa kupungua kwa asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020 na 67.5 mwaka 2025. Kuanzia 2030 kitabaki kiasi kidogo tu cha matengenezo, hadi 2040.

Itifaki haimnyang'anyi mtu mtambo alio nao. Mtake fundi azibe panapovuja kabla ya kujaza, na gesi ya zamani aivute kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani. Akitaka kuweka gesi inayowaka katika mtambo uliotengenezwa kwa R-22, mkatalie: unaweza kulipuka. Anayenunua mtambo uliotumika asome kwanza kibandiko cha nyuma, ambako jina la gesi huandikwa.