Kinyago cha Kutishia Ndege Juu ya Ujerumani

Mtoto aliyekulia kando ya mpunga anaijua kazi ya kuamia ndege. Anapanda dunguni kabla jua halijatoka, kombeo mkononi, anavuta kamba iliyofungwa makopo, anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Katikati ya shamba kimesimama kinyago kilichovishwa shati kuukuu ili kimsaidie. Kinyago hakiwezi kumdhuru ndege hata mmoja. Kazi yake ni kutisha.

Miaka ya 1943 na 1944, vijana waliorusha ndege za mabomu za Uingereza usiku juu ya Ujerumani nao walikuwa na kinyago chao, na walikiita kwa jina hilohilo la kitu cha shambani. Walikiona hivi: giza totoro, mara moto unapasuka mbele yao, katika kimo kilekile wanachorukia. Moto ni mkubwa, unamwaga cheche nyekundu, kijani na njano zinazoshuka taratibu, kisha unaacha moshi mzito mweusi. Hakuna risasi iliyoonekana kufyatuliwa, wala ndege iliyoonekana kuwaka kabla ya hapo. Maofisa waliwaambia wasitishike. Hilo, walisema, ni ganda maalumu la mizinga ya Wajerumani, limejazwa mafuta na fataki ili lifanane na ndege inayolipuka, mpate kuvunjika moyo. Vijana wakaamini. Wakawa wanaandika kwenye taarifa zao kwamba usiku ule wameona vinyago viwili, au vitatu.

Ganda hilo halikuwahi kuwepo. Vita vilipokwisha na nyaraka za Wajerumani kupekuliwa, haikupatikana silaha ya namna hiyo. Kilichokuwa kikipasuka angani kilikuwa ndege halisi ya wenzao, na ndani yake, kwa kawaida, watu saba.

Nimeanza na kinyago hiki kwa sababu nimechoshwa na jinsi habari za vitu vya ajabu walivyoviona warushaji wa ndege za vita zinavyosimuliwa. Kila zikitajwa, mazungumzo yanakimbilia kwa viumbe wa sayari nyingine. Upande wa pili wanajibu kwamba wale walikuwa watoto wenye woga, waliolemewa na usingizi. Pande zote mbili zinawapuuza mashahidi. Wale vijana waliona, na walieleza walichokiona kwa uangalifu mkubwa. Kasoro ilikuwa kwenye maelezo waliyopewa.

Chukua hizo rangi. Ndege ya mabomu ya Lancaster ya Uingereza ilibeba petroli zaidi ya lita 9,000 ndani ya mbawa zake. Tumboni ilikuwa na bomu kubwa la kilo 1,800 hivi pamoja na mamia ya mabomu madogo ya moto. Ndege zilizotangulia msafara kuwaonyesha wenzao shabaha zilibeba pia fataki za ishara, nyekundu, kijani na njano, ambazo kazi yake ilikuwa kumwagika polepole juu ya mji. Shehena hiyo yote ikishika moto mara moja, inaonekana kama fataki kwa sababu fataki zimo ndani. Aliyesema “hii haiwezi kuwa ndege, ina rangi nyingi mno” aliona sawasawa kabisa. Hakujua tu mwenzake amepakia nini.

Lakini kwa nini hakuna aliyeiona risasi? Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niipende habari hii, ingawa ni ya kuhuzunisha.

Lancaster ilikuwa na macho mbele, mgongoni na mkiani. Mpiga bunduki wa mkiani alikaa peke yake ndani ya kibanda cha vioo, baridi ikimkata kwa saa saba au nane, akitazama nyuma alikotoka. Chini ya tumbo, katika ndege nyingi, hapakuwa na mtu wala dirisha la kuchungulia. Wajerumani walilijua hilo. Wakachukua ndege zao za kivita za usiku, zile zenye injini mbili, wakasimika mgongoni mizinga midogo, mara nyingi miwili ya milimita 20, midomo ikielekea juu kwa mshazari wa nyuzi 60 hadi 75. Mtindo huo waliuita Schräge Musik, muziki wa mshazari, jina ambalo Wajerumani waliutania nalo muziki wa jazi.

Rubani wa Kijerumani aliongozwa na rada mpaka karibu, kisha akazama chini, kwenye giza la ardhi ambako haonekani. Akitazama juu, aliiona ndege ya mabomu imejichora wazi kwenye anga, yenye weupe kidogo kuliko ardhi. Alipanda taratibu, akalinganisha mwendo wake na wa yule wa juu, akawa kama kivuli chake. Hakulenga tumbo, maana mabomu yakilipuka wangekufa wote wawili. Alilenga ubawa, kwenye matangi yaliyo kati ya injini. Na zile risasi za kawaida zinazoacha mstari wa moto nyuma yake, ambazo zingewaonyesha wengine mahali alipo, hakuzitumia. Alitumia zenye mwanga hafifu mno. Milipuko michache, kisha anakwepa pembeni. Waliokuwa mita mia chache kutoka hapo waliona giza, halafu moto. Silaha hii ilianza kutumiwa kwa nguvu usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943, Waingereza waliposhambulia kituo cha maroketi cha Peenemünde.

Sasa yaweke mambo hayo mawili pamoja. Mbinu mpya inawaua watu kutoka chini, kimya kimya. Walionusurika wanarudi na kueleza hasa dalili za mbinu hiyo: moto wa ghafla usiotanguliwa na risasi. Na maelezo hayo yanapokewa, yanapewa jina la kinyago, yanawekwa kando. Ushahidi ulikuwa mezani kila asubuhi.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu na meza hizo ni Freeman Dyson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafizikia mashuhuri. Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa makao makuu ya kikosi cha ndege za mabomu karibu na High Wycombe kufanya hesabu. Swali moja aliloshughulikia lilikuwa hili: je, waliokwisha kuruka mara nyingi wana nafasi kubwa ya kupona kuliko wageni? Wakubwa walipenda kuamini hivyo, kwa sababu zamu ilikuwa safari 30, na mtu anahitaji matumaini ya kumfikisha ya 30. Hesabu zilionyesha kwamba kufikia 1944 uzoefu haukusaidia tena. Mzoefu na mgeni walikufa sawa. Dyson aliandika baadaye, kwa uchungu, kwamba wao wenyewe walishindwa kuielewa maana ya hesabu ile: warushaji wanauawa na kitu ambacho hata jicho lililozoea halikioni. Na hasara iliendelea: usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, ndege 795 zilitumwa Nuremberg, mwezi ukiwa unawaka. Ndege 95 hazikurudi.

Huko ni kwa Waingereza. Kwa Wamarekani, habari iliyojulikana zaidi ni ya kikosi cha 415 cha ndege za kivita za usiku, kilichokuwa Ufaransa mwishoni mwa 1944. Usiku mmoja wa Novemba, rubani Edward Schlueter, mwangalizi wa rada Donald Meiers na ofisa wa ujasusi Fred Ringwald walikuwa juu ya mto Rhine, karibu na Strasbourg. Waliona taa nane au kumi za rangi ya machungwa zimejipanga mstari. Wakauliza kituo cha rada cha ardhini. Wakajibiwa hakuna kitu hapo. Wakazigeukia taa, zikapotea, zikaonekana tena mbali. Katika wiki zilizofuata wenzao waliona mipira ya moto iliyoambatana na ndege, ikipanda zikipanda, ikigeuka zikigeuka, bila kumdhuru mtu. Meiers akaipa jina la “foo fighters”, kutokana na neno lisilo na maana lililojaa kwenye katuni ya gazetini ya mzimamoto Smokey Stover. Januari 1945 magazeti ya Marekani yakaandika, na jina likabaki.

Ukitaka kuelewa sehemu ya mambo hayo, huhitaji ndege. Washa dawa ya mbu ya kuviringa, ile ya moshi, ndani ya chumba chenye giza kabisa, ziba hata mwanga wa chini ya mlango. Kaa upande wa pili wa chumba ukitazame kile kidoa chekundu bila kupepesa. Kabla dakika haijakwisha kitaanza kutembea. Kitateleza kushoto, kitapanda, wakati mwingine kitachora duara. Utaapa kwamba kinatembea, hata ukijua kwamba hakitembei. Ubongo hupima mwendo wa kitu kwa kukilinganisha na vilivyo kando yake. Vikikosekana, mtikisiko mdogo wa jicho na uchovu wa misuli yake husomeka kama mwendo wa ile taa. Alexander von Humboldt aliona nyota zikiyumba hivyo mwaka 1799 alipopanda mlima Teide kule Tenerife, akadhani ni anga ndiyo inayozitikisa. Mwaka 1945 watafiti wa urubani wa jeshi la majini la Marekani, Ashton Graybiel na Brant Clark, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba marubani wanafunzi wakikazia macho taa moja gizani huiona ikizunguka na kukimbia, ilhali imetulia tuli.

Kuna jingine linalonigusa zaidi. Mwaka 1935, Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, aliwaweka watu gizani, akawaambia wakadirie taa kama hiyo imesogea kiasi gani. Kila mtu peke yake alikuwa na kipimo chake. Walipowekwa pamoja na kusikia majibu ya wenzao, vipimo vilikaribiana mpaka vikawa kitu kimoja, na walipotenganishwa tena kila mmoja aliondoka na kipimo cha kundi. Ndani ya ndege watu wanasikilizana kwa vipaza sauti vya masikioni. Mmoja akisema “inatufuata”, wengine wanaiona ikifuata, na hakuna aliyedanganya.

Hata hivyo sikubali kwamba hilo linamaliza kila kitu. Taa nane zilizojipanga mstari hazifanani na kidoa kimoja cha dawa ya mbu. Januari 1953, kule Washington, kikao cha wanasayansi kilichoongozwa na H. P. Robertson, akiwamo Luis Alvarez aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1968, kiliyatazama mambo haya kwa ufupi. Kikataja umeme tuli unaong'aa kwenye ncha za mbawa, kama ule mabaharia wa matanga waliouona juu ya milingoti wakauita moto wa Mtakatifu Elmo, kikataja pia mwanga unaorudishwa na chembe za barafu. Ni dhana nzuri, lakini umeme tuli hung'ang'ania ncha ya chuma, hauruki kando ya ndege kwa mbali. Ongeza fataki za Wajerumani, maroketi ya V-2 yaliyorushwa kuanzia Septemba 1944, na sayari ya Zuhura, ambayo imewadanganya marubani wengi kuliko silaha yoyote. Kila kisa kinahitaji kuchunguzwa peke yake, na kuvirundika visa vyote chini ya jina moja ni kosa lilelile la kinyago.

Dar es Salaam nayo imo kidogo katika habari hizi za ajabu za wanahewa. Mwandishi Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta hapo vita vilipoanza. Akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza na kujifunza kurusha ndege. Mwaka 1943 kitabu chake cha kwanza cha watoto kilitoka, kikiwahusu vijitu ambavyo marubani walivilaumu kila injini ilipogoma. Alivikuta tayari kwenye vinywa vya wanahewa.

Tunaweza kuyajadili haya ya ndege za usiku kwa sababu taarifa za kila kikosi, usiku kwa usiku, zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew. Yeyote anaweza kwenda kusoma. Askari wetu wa King's African Rifles (KAR) waliopelekwa Burma mwaka 1944 nao waliona mengi msituni, na wengi wamekufa vijijini bila mtu kukaa nao na daftari. Hilo linaniuma kuliko fumbo lolote la angani. Wachache waliobaki, kama wapo, wana umri wa takriban miaka mia moja au zaidi; anayetaka kuwauliza asingoje mwaka kesho.

Faida za elimu hii ya taa inayoonekana kutembea gizani nizitaje mbio: wanafunzi wa urubani hufundishwa kuhamisha macho badala ya kukazia taa moja, na walinzi wa usiku huambiwa wapime taa dhidi ya ukingo wa jengo au mti.

Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walikufa watu 55,573, kati ya takriban 125,000 waliohudumu. Baadhi ya waliobaki walipoulizwa miaka mingi baadaye, wazee wenye wajukuu, waliendelea kusisitiza kwamba vile walivyoviona vilikuwa vinyago. Walipoelezwa kwamba ganda lile halikuwepo, wengine walikataa. Kukubali kungekuwa na maana kwamba kila moto walioupita usiku ule, na kuuandika kwa mkono uliotulia, ulikuwa na watu saba ndani.