Kitabu cha mshahara cha babu: kuuza, kutupa au kutunza?

BABU amefariki dunia. Baada ya mazishi wajukuu wanafungua sanduku lake la zamani na chini kabisa wanakuta kitabu kidogo cha buluu kilichochakaa pembeni. Ndani mna picha ya kijana aliyevaa sare ya ubaharia. Hakuna aliyewahi kumsikia babu akisimulia habari za vita.

Ndivyo inavyotokea katika familia nyingi za Ujerumani, na hapo ubishi huanza. Mmoja anataka kitupwe kwa sababu jaladani kuna alama ya Wanazi. Mwingine amesikia kwamba wakusanyaji hununua vitu hivyo kwa bei nzuri. Wa tatu anaomba kwanza kisomwe.

Kitabu hicho huitwa Soldbuch, yaani kitabu cha mshahara. Katika Vita Kuu ya Pili kila mwanajeshi wa Ujerumani alitakiwa kutembea nacho, kwa kuwa kilikuwa pia kitambulisho chake.

Kinachosomwa ndani

Ndani yake huandikwa cheo na tarehe za kupandishwa, kundi la damu, chanjo, nguo alizopewa, siku alizolazwa hospitali na likizo alizokwenda nyumbani.

Mabaharia walikuwa na namba yao ya pekee. Herufi N ilimaanisha alisajiliwa upande wa Bahari ya Kaskazini, na O upande wa Baltiki. Mwaka wa kusajiliwa nao uliandikwa humo. Kwa mstari huo mmoja, mjukuu anaweza kujua babu aliingia jeshini lini na upande gani.

Lakini ukurasa unaowatoa watu machozi ni ule wa ndugu wa karibu: mke, baba, mama na mahali wanapoishi. Hao ndio waliopaswa kupewa habari endapo kijana asingerudi. Na wengi hawakurudi. Kati ya wanaume wapatao 40,000 waliohudumu katika nyambizi za Ujerumani, karibu 30,000 walikufa.

Soko na hila zake

Wakusanyaji wako Ulaya na Marekani. Wengine hupenda historia, wengine hutafuta faida. Kitabu cha mtu wa nyambizi au wa meli iliyovuma huwa na bei kuliko cha karani wa bandarini, na hapo ndipo matapeli hujipenyeza. Wapo wanaojaza vitabu vitupu vilivyobaki baada ya vita, na wapo wanaobandua picha kwenye kitabu kimoja na kuibandika kwenye kingine ili kipande bei.

Mnunuzi makini huangalia kama muhuri umepita juu ya picha na kuendelea kwenye karatasi bila kukatika. Huangalia pia kama kutu ya pini imeacha doa ukurasa wa pili, na kama wino na mwandiko vinabadilika kadiri miaka inavyopita, maana kitabu cha kweli kiliandikwa na makarani wengi. Karatasi nyingi za siku hizi hung'aa chini ya taa ya kukagulia noti bandia, ilhali za wakati ule hazing'ai hivyo.

Hasara ya hila hizo si ya mnunuzi peke yake. Picha ikishahamishwa, kijana mmoja anapewa maisha ya mwingine, na familia mbili zinapoteza mtu wao.

Kabla ya kuuza

Familia inayoamua kuuza ipige kwanza picha ya kila ukurasa, hata ule unaoonekana hauna maana, kisha iandike majina yote. Wanaotaka kujua zaidi wanaweza kuomba habari katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, ambayo tangu 2019 imechukua kumbukumbu za ofisi ya Berlin iliyokuwa ikihifadhi habari za wanajeshi.

Kutunza si kusifu. Sheria ya Ujerumani inakataza kutangaza hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa mambo kama elimu, utafiti na historia. Mtoto anaweza kuonyeshwa kitabu hicho na kuambiwa ukweli wote: huyu alikuwa babu yetu, na dola aliyoitumikia ilifanya uovu mkubwa.

Afrika Mashariki nayo ina masanduku yake. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walipigana Burma wakiwa KAR, upande wa Waingereza, na baadhi walirudi na vyeti vya kuachishwa jeshi. Vyeti hivyo navyo huliwa na mchwa au huwashiwa jiko na mtu asiyejua kusoma majina yaliyomo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo mali.