Taa za dari: Mnunuzi asome lumeni, si wati

Wanunuzi wa taa za LED wanashauriwa kutotazama bei na wati peke yake, kwani mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. LED ya wati 9 huweza kutoa kiasi hicho hicho. Zikiwashwa saa 5 kila siku kwa siku 30, balbu hula yuniti 9, LED yuniti 1.35 tu.

Wakati wa kufunga, mein swichi ndiyo izimwe. Swichi ya ukutani haitoshi: ikiwa ilifungwa kimakosa, waya wa moto hubaki na umeme darini. Taa yenye fremu ya chuma iunganishwe na waya wa ethi. Asiye na ujuzi amwite fundi.